Je, Wajua? Shanga za Rumi si ushahidi wa Ukristo

Ng'ambo ya Mafia, katika delta ya Rufiji, mwanaakiolojia Felix Chami aliripoti mwaka 1999 shanga za kioo za enzi ya Rumi. Wapo wanaorukia hitimisho: bidhaa zikifika hadi karibu na Kanga kisiwani Mafia, basi na imani ya Mababa wa Kanisa ilifika. Hoja hiyo haishiki. Ushanga hupita mikono mingi, na anayeuvaa mwisho hana haja ya kumjua aliyeutengeneza. Kanisa la karne zile lilihitaji askofu aliyewekewa mikono, na askofu aghalabu huacha kumbukumbu za maandishi. Huko Aksum, katika Ethiopia ya kale, anaonekana: Athanasius wa Aleksandria alimweka wakfu Frumentius katika karne ya 4, kisha akahifadhi barua ya Kaisari Constantius, aliyeegemea upande wa Waario waliokana uungu kamili wa Kristo, iliyotaka Frumentius arudishwe Misri akachunguzwe.

Katika karne ya 6 Cosmas Indicopleustes, mfanyabiashara Mkristo wa Aleksandria, aliandika kuwa makasisi wa kisiwa cha Sokotra walipewa daraja Uajemi. Anaitaja pia Zingion, upande wa pwani yetu, ila hamtaji Mkristo hata mmoja huko. Mtu atasema kimya si ushahidi, na aghalabu ni kweli. Lakini anapotaja Sokotra, Cosmas alikuwa akionyesha jinsi Injili ilivyoenea duniani, na asingekuwa na sababu ya kuwaficha Wakristo wa Zingion kama angewasikia.