Shubiri ya Turkana: Dawa Yenye Kiasi Chake

WENGI husema "chungu kama shubiri" bila kuwahi kuuona mmea wenyewe. Lakini kwa anayesafiri kutoka Lodwar hadi Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, shubiri si mgeni. Waturkana huuita echuchuka. Una majani manene yenye miiba pembeni, na huhifadhi maji hata wakati jua limekausha kila kitu.

Wafugaji wa sehemu hizo wameutumia tangu jadi kwa vidonda, kwa homa na kwa mifugo wao. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki akina mama nao hujipaka utomvu wake matitini wanapotaka kumwachisha mtoto kunyonya. Hiyo ni mbinu ambayo hata wakazi wa mijini wanaifahamu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba jani moja lina vitu viwili tofauti. Katikati mna ute mwangavu usio na uchungu mwingi, ambao ndio hupakwa kwenye ngozi iliyoungua. Chini ya ganda mna utomvu wa manjano, mchungu kupindukia. Huo una kemikali iitwayo aloini, ambayo huendesha tumbo kwa nguvu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mgonjwa wa malaria akiharisha baada ya kunywa utomvu huo, jamaa hufurahi wakidhani ugonjwa unatoka. Kinachotoka ni maji na madini ya mwili kama potasiamu, na katika joto la Turkana mtoto mwenye homa hana maji ya kupoteza. Mama mjamzito asiuguse kamwe, kwani unaweza kusababisha mimba kuharibika. Anayeunywa kwa wingi au kwa muda mrefu huweza kudhuru figo. Mwaka wa 2002 serikali ya Marekani iliondoa madukani dawa za kuendesha tumbo zilizotengenezwa kwa shubiri, kwa kuwa usalama wake haukuwa umethibitishwa.

Si kwamba mitishamba haina maana. Dawa mseto ya malaria inayotolewa hospitalini, iwe Lodwar au Kakuma, asili yake ni mmea wa Uchina, na Bi. Tu Youyou aliyeongoza utafiti huo alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Tofauti ni kwamba dawa hiyo imepimwa, na kiasi chake hutegemea uzito wa mgonjwa. Utomvu unaokingwa kwenye kibuyu haupimwi na yeyote.

Anayetaka ute kwa ajili ya ngozi akate jani, alisimamishe hadi majimaji yote ya manjano yachuruzike, kisha alioshe na kulimenya. Jani moja hutosha. Tamaa ya kuchemsha utomvu na kuuza gundi yake nje ya nchi iliwahi kuhatarisha mmea huu hivi kwamba mwaka wa 1986 Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku uvunaji wa shubiri za mwituni.