Msitafute Pivo wa Mita 2.10

Tangu Espoir Fukash ya hapa Lubumbashi ilipocheza Ligi ya Kikapu ya Afrika mwaka 2022, ikaishia hatua ya makundi kule Cairo bila kufika mtoano wa Kigali, swali ni lile lile kila timu ya mji huu inaponyang'anywa mipira chini ya ringi yake: kwa nini viongozi hawaleti pivo wa mita 2.10? Swali hili limekosea toka mwanzo, na nimechoka kulijibu kwa upole, maana lina gharama. Benchi likilikubali, kijana anayejua kulinda anawekwa kando ili apishwe mtu ambaye sifa yake ya pekee ni urefu.

Ushahidi tunao, na unamhusu mtoto wa Lubumbashi. Bismack Biyombo, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1992, ana kama mita 2.03, kimo kidogo kwa pivo wa NBA. Mei 2016 timu yake, Toronto Raptors, ilikutana na Cleveland Cavaliers katika fainali ya Ukanda wa Mashariki. Pivo wa kawaida wa Toronto, Jonas Valančiūnas, mwenye zaidi ya hizo mita 2.10 mnazozililia, alikuwa ameumia kifundo cha mguu, na Biyombo akashika nafasi yake. Tarehe 21, katika mchezo wa tatu, alikusanya ribaundi 26, rekodi ya klabu hiyo kwa mchezo wa mtoano, na Toronto wakashinda 99 kwa 84. Hapo ndipo mashabiki wetu wanapofunga hadithi, wakati somo liko nyuma yake. Tarehe 17 pivo alikuwa yule yule na wapinzani wale wale, Toronto wakafungwa 115 kwa 84. Tarehe 19 wakafungwa tena, 108 kwa 89. Ndani ya siku nne Biyombo hakurefuka hata sentimita moja. Mchezo wa kwanza Cleveland walipenya hadi chini ya ringi na kufunga kwa urahisi. Mchezo wa tatu walipiga sana kutoka mbali na kukosa. Mpira uliokwisha kuingia kikapuni hauna ribaundi, pivo awe na mita mbili au tatu.

Kwa hiyo ukitaka kujua nani amepoteza ribaundi, usianze kwa kumtazama pivo. Mtazame mlinzi wa mbele anayepitwa na mwenye mpira kule juu, mita saba kutoka kwenye ringi. Akishapitwa, pivo analazimika kumwacha mtu wake ili aende kuziba njia, na mtu huyo anabaki peke yake karibu na ubao. Mpigaji anakosa, mpira unarudi, aliyeachwa anauchukua na kufunga, na uwanja mzima unamzomea pivo aliyefanya kazi ya mwenzake. Mkimleta mrefu zaidi mtamzomea yeye pia, tena mapema, kwa kuwa warefu wengi ni wazito kutoka na kurudi.

Mtanitajia Dikembe Mutombo. Naam, alikuwa na mita 2.18, alitwaa tuzo ya mlinzi bora wa NBA mara nne, na kwa kuzuia mitupo ni Hakeem Olajuwon tu anayemzidi. Urefu unasaidia, sikatai. Lakini Dennis Rodman, mwenye mita 2.01, aliongoza ligi hiyo hiyo kwa ribaundi misimu saba mfululizo, hadi 1998, akiwaacha nyuma watu waliomzidi kichwa kizima. Alisoma mpira ungeangukia wapi na akawahi kusimama hapo. Hilo linafundishika, kimo hakifundishiki. Wazazi nao waache kuwaning'iniza watoto kwenye vyuma na kuwanunulia dawa za kurefusha. Mfupa hukua kwenye gegedu zilizo karibu na ncha zake, nazo zikishafunga mwishoni mwa balehe, hakuna chuma wala kidonge kitakachozifungua.

Ya kufanya yapo, na hayahitaji fedha. Mpira ukiwa hewani, kila mlinzi amtafute mtu wake kwanza, amguse, amgeuzie mgongo na kumsukuma mbali na ringi, ndipo atafute mpira. Walinzi wawili wa mbele washuke kusaidia badala ya kukimbilia shambulizi, kwa sababu mitupo ya mbali hurudi mbali, mara nyingi juu ya kichwa cha pivo. Mazoezini, chezeni watano kwa watano kwa sharti kwamba walinzi wanapata pointi pale tu mpira uliokosa unapogusa sakafu ndani ya eneo lao bila mshambuliaji kuufikia. Na anayeandika takwimu aandike pia, kila mpira unaponyakuliwa, ni nani aliyepitwa kwanza.