Ukishindwa kuzungumza unapokimbia, punguza mwendo

Mtu anayeanza kukimbia hutambulika kwa mbali. Ana raba mpya, anatoka mbio kama anayewahi daladala ya mwisho, na kabla hajafika nguzo ya tatu ya umeme ameinama, mikono magotini, anatweta. Kesho yake mapaja yanauma, keshokutwa anapata udhuru, na wiki ya tatu raba zimeshahamia chini ya kitanda. Majirani watasema ni mvivu. Watafiti wa mazoezi wana jibu jingine: kilichomfukuza ni kasi aliyoanza nayo.

Raha huishia pumzi inapobana

Panteleimon Ekkekakis, mtaalamu wa saikolojia ya mazoezi aliyefundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, amechunguza jambo ambalo wengi hawakujali kuliuliza: mtu anajisikiaje akiwa katikati ya zoezi, si baada ya kumaliza? Katika majaribio ya aina hii, mhusika hutaja namba kila baada ya dakika chache, kuanzia +5 kwa raha kamili hadi -5 kwa karaha kamili.

Zoezi likiwa jepesi au la wastani, wengi hubaki upande wa raha. Lakini kuna mpaka ambapo misuli huanza kuzalisha lakteti kwa wingi na kupumua kunaongezeka ghafla. Mpaka huo ukivukwa, karibu kila mtu hushuka kuelekea karaha. Kwa aliyekaa miaka mingi bila mazoezi, mpaka uko karibu sana. Hata kutembea kwa haraka kunaweza kumfikisha hapo. Na akili haisahau. Ikiwa kila alfajiri inaleta mateso, hamu itakufa, hata mtu awe na nia njema kiasi gani.

Kuujua mpaka wako hakuhitaji maabara. Ukiweza kuimba bila shida, zoezi ni jepesi. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima lakini kuimba kunakushinda, uko kwenye wastani. Ukibakiwa na neno moja moja, umeuvuka. Waliopita shuleni au jeshini wanakijua kipimo hiki bila kuambiwa: katika mchakamchaka, kiongozi anatoa mstari, kundi linaitikia, na mwitikio ukififia kila mtu anajua mwendo umezidi.

Wanaoshinda nao huanza polepole

Wapo wanaodhani kwenda polepole ni kazi ya wazee. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna Oktoba 12, 2019, alitumia takriban dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita siku ile. Lakini katika mazoezi mepesi ya kundi lake huko Kaptagat, Kenya, wakimbiaji huondoka taratibu mno, kisha mwendo hupanda kadiri miili inavyopata joto. Siku za kasi zipo, ila ni chache kuliko siku za mwendo wa kawaida.

Mwili wenyewe unadai subira hiyo. Ndani ya wiki mbili za mwanzo, majimaji ya damu huongezeka na moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Kisha, kwa wiki kadhaa, misuli huongeza mitokondria, vinu vidogo vinavyotumia oksijeni kuzalisha nguvu. Mtafiti John Holloszy alilithibitisha hilo mwaka 1967 kwa kuwakimbiza panya. Kano na mifupa huzoea baadaye zaidi. Ndiyo maana wengi huumia pale pumzi inapoanza kuwaruhusu kuongeza mwendo.

Panga siku, saa na mahali

Hamu peke yake haitoshi. Katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2002, wanafunzi waliosoma tu kuhusu faida za mazoezi hawakuwazidi wale ambao hawakuambiwa chochote: karibu theluthi moja tu ya kila kundi walifanya mazoezi wiki iliyofuata. Wale walioandika pia siku, saa na mahali watakapofanyia walifikia asilimia 91. Kwa hiyo usiseme “wiki hii nitakimbia.” Sema: “Jumanne saa 12 asubuhi, nikishaswali, nitazunguka uwanja wa shule.”

Usitarajie tabia ijengeke kwa mwezi mmoja. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujijengea tabia mpya. Muda wa kati hadi tabia izoeleke ulikuwa siku 66, lakini makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Waligundua pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu safari. Hatari ni kuacha kurudi. Utafiti mkubwa wa mwaka 2021 uliohusisha wanachama zaidi ya 61,000 wa kumbi za mazoezi za Marekani ulijaribu mbinu 54 za kuwahimiza kwenda mazoezini. Iliyoongoza ilikuwa zawadi ndogo, ya senti chache tu, kwa mtu aliyekosa siku kisha akarudi.

Tafuta wenzako

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwapima wapiga makasia wa chuo hicho. Walipofanya zoezi pamoja kwa mpigo mmoja, walistahimili maumivu kwa kiwango kikubwa kuliko kila mmoja alipofanya peke yake, ingawa kazi ilikuwa ileile. Vikundi vya jogingi vinavyopita mitaani Dar es Salaam mwishoni mwa wiki, na nyimbo zao, huenda vinanufaika na jambo hilohilo. Tena kuna aibu yenye faida: ukichelewa, kuna mtu atakayepiga simu kuuliza uko wapi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu za misuli angalau siku mbili. Dakika 30 kwa siku tano zinakutosha kuanza, na kutembea kunahesabika. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo azungumze na daktari kwanza. Na yeyote anayebanwa kifua au kupata kizunguzungu asimame na aende hospitali. Wengine, chagueni siku na saa yenu, tafuteni mwenza, na mtoke kwa mwendo unaowaruhusu kupiga soga. Kasi itakuja yenyewe. Anayeitafuta siku ya kwanza ndiye anayeacha.