Benchi huamua mshindi wa kikapu

Katika mtoano wa mpira wa kikapu, timu mbili zinapokutana hadi mara tano, wachezaji watano wanaoanza hawatoshi. Kanuni za FIBA zinaruhusu wachezaji 12 na mabadiliko yasiyo na kikomo katika dakika 40 za mchezo. Anayefikisha madhambi matano hutolewa.

Kwa kocha wa Malindi, Unguja, joto la kaskazi huchosha miguu mapema. Ni busara kuwaingiza wa akiba tangu robo ya pili ya mechi ya kwanza, kwa zamu: mwongoza mchezo akipumzika, mfungaji hodari abaki uwanjani.

San Antonio Spurs ya Marekani ilifanya hivyo. Msimu wa 2013/14 hakuna mchezaji wake aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mechi kabla ya mtoano. Juni 2014 ikaishinda Miami Heat fainali kwa mechi 4-1.

Kocha anayelisahau benchi hulikumbuka mechi ya tano, nyota wake akiwa na madhambi manne. Wakati huo, wa akiba huingia akiwa mgeni wa mchezo.