Kabla ya kumsaidia mgonjwa kufa, tumwambie anaumwa nini

Daktari alitutoa nje ya wodi, mimi na binamu yangu, mtoto wa kwanza wa shangazi. Tukasimama kwenye korido karibu na ndoo ya kunawia mikono. Kwa sauti ya chini akatueleza kwamba saratani ya shingo ya kizazi imeshasambaa, imefika kwenye kibofu na mifupa ya nyonga, na upasuaji hauwezi kusaidia tena. Kisha akasema maneno ambayo familia nyingi zimeyasikia: "Mrudisheni nyumbani, mkamuuguze huko."

Tuliporudi ndani tulimkuta shangazi amejiinua kwa kiwiko. "Kasemaje?" akauliza. Binamu akajibu huku macho yake yako dirishani: "Ni uvimbe, mama. Dawa zitauyeyusha." Mimi niliinamia mfuko wa nguo, nikajifanya nakunja kanga.

Kisa hicho kimenirudia mara nyingi tangu mjadala wa kusaidiwa kufa uliposhika kasi Uingereza. Novemba 29, 2024, wabunge wa huko waliupitisha kwa hatua ya mwanzo muswada wa kumruhusu mgonjwa asiyetarajiwa kuishi zaidi ya miezi sita apewe dawa ya kukatisha uhai wake, kura 330 kwa 275. Waliporudi kuupigia kura Juni 20, 2025, ulipita tena, lakini tofauti ilikuwa imeshuka hadi 23: kura 314 kwa 291. Wapo wabunge waliozungumza huku wakilia. Ni suala ambalo mtu hawezi kulizungumza kwa muda mrefu bila kumkumbuka mgonjwa wake mwenyewe.

Uingereza si ya kwanza kulifikiria hilo. Jimbo la Oregon nchini Marekani lina sheria ya namna hiyo tangu 1997, Uholanzi na Ubelgiji tangu 2002, Kanada tangu 2016. Taratibu zinatofautiana, lakini ukizisoma utakuta zote zimejengwa juu ya sharti moja: mgonjwa aombe mwenyewe, akili yake ikiwa timamu, akijua anaumwa nini na amebakiwa na nini. Oregon inamtaka aombe mara mbili kwa mdomo na mara moja kwa maandishi mbele ya mashahidi. Mtoto wake hawezi kumwombea, wala mume, wala kikao cha ukoo.

Hapo ndipo ninapokwama. Shangazi hakuweza kulitimiza sharti hilo, kwa sababu sisi tuliompenda tulimnyima ukweli.

Afrika nayo imewahi kuliona suala hili mahakamani. Mwaka 2015 wakili wa Afrika Kusini, Robin Stransham-Ford, aliyekuwa na saratani ya tezi dume iliyosambaa mwilini, aliiomba Mahakama Kuu mjini Pretoria iamuru kwamba daktari atakayemsaidia kufa asishtakiwe. Jaji Hans Fabricius alikubali Aprili 30. Saa chache tu kabla ya amri hiyo kutolewa, Stransham-Ford alikuwa ameshafariki kwa ugonjwa wake, na jaji hakuwa na habari. Desemba 2016 Mahakama ya Rufani iliitengua amri hiyo. Ilisema dai lile lilikwisha pale mwenye dai alipokufa, na kwamba sheria nzito kama hii haibadilishwi kwa shauri lililosikilizwa mbiombio.

Nakubaliana na majaji wa rufani. Lakini siwezi kumwita Stransham-Ford mwoga, wala kumhukumu. Alikuwa mtu mzima aliyeujua ugonjwa wake kiungo kwa kiungo, akauweka kwenye karatasi na kuipeleka mahakamani. Hata anayemkatalia anajua anamkatalia nani na kwa ombi gani. Kwetu mgonjwa hafiki hata hapo. Majibu ya vipimo hupewa kaka mkubwa, au baba mdogo, au yeyote mwenye gari, na mwenye mwili ndiye wa mwisho kujua. Tunaita huruma. Tunasema akijua atakata tamaa.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya. Usiku shangazi alikuwa anauma pindo la kanga ili asiwaamshe wajukuu, na asubuhi tulikuta kitambaa kimetoboka. Tulikuwa na panado, na vidonge vingine vya maumivu tulivyonunua duka la dawa bila cheti. Usiku mmoja zamu ilikuwa yangu. Alinishika mkono akaniambia: "Mwanangu, kama kuna dawa ya kunilaza moja kwa moja, nileteeni. Sitawadai."

Sikuwa na la kumjibu. Kisheria, ningemletea, ningekuwa mhalifu: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 216, inatoa hadi kifungo cha maisha kwa anayemsaidia mtu kujiua. Kifungu cha 203 kinaongeza kwamba kuharakisha kifo cha mtu ambaye ugonjwa ungemuua hata hivyo, ni kumsababishia kifo. Kidini pia jibu lilijulikana, msikitini na kanisani. Lakini saa nane za usiku, mbele ya mtu anayeuma kanga, kifungu cha sheria hakimpunguzii chochote.

Kilichompunguzia kilikuja wiki iliyofuata kwa pikipiki. Muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, alifika na chupa ya plastiki yenye dawa ya maji, chungu kama shubiri. Mofini. Akatufundisha kuipima kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, kumpa kila baada ya saa nne, na dozi ya kulalia iwe mara mbili ili asiamke usiku wa manane. Akaacha na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga tumbo. Mama mdogo alisimama mlangoni akasema hiyo ni dawa ya kuua. Muuguzi hakukasirika. Alimketisha, akamweleza kwamba mofini ikipimwa kulingana na maumivu haiui, na kwamba hofu hiyo anakutana nayo karibu kila nyumba. (Hata Papa Pius wa 12, alipoulizwa na madaktari mwaka 1957, alijibu kwamba inaruhusiwa kumtuliza mgonjwa maumivu, hata kama dawa hiyo huenda ikafupisha uhai, mradi nia isiwe kuua.)

Siku ya tatu shangazi aliomba atolewe nje, akae barazani.

Muuguzi aliporudi alifanya jambo ambalo sisi hatukuwa tumethubutu. Alikaa kwenye mkeka, akamuuliza taratibu: "Mama, unajua unachoumwa?" Shangazi akamtazama, kisha akatutazama sisi. "Najua tangu siku ile ya hospitali," akasema. "Mwanangu hajui kusema uongo. Alikuwa anatazama dirisha." Binamu alitoka nje, akalia nyuma ya jiko.

Kuanzia siku ile nyumba ilibadilika. Shangazi alitaja deni lake la kikoba na nani alipwe kwanza. Alimwita mdogo wake ambaye walikuwa hawazungumzi tangu ugomvi wa kiwanja. Alisema azikwe karibu na mama yake, si kule ambako sisi tulikuwa tumeshapanga. Aliishi wiki tisa. Ombi la dawa ya kumlaza moja kwa moja hakulirudia, ingawa mara mbili aliniambia amechoka, na najua alimaanisha.

Sisemi kwamba mofini inamaliza hoja. Taarifa zinazotolewa Oregon kila mwaka zinaonyesha kwamba wengi wanaoomba kusaidiwa kufa hawataji maumivu kwanza. Wanataja kupoteza uhuru wa kujiamulia, kushindwa kufanya yale yaliyowapa raha, kupoteza heshima. Na wengi wanataja hofu ya kuwa mzigo kwa familia.

Neno hilo, mzigo, linanitisha kuliko yote. Huku kwetu mzigo una hesabu. Ni kundi la WhatsApp la michango, jina na kiasi, jina na kiasi, na waliokaa kimya wanajulikana. Ni nauli ya kwenda Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road. Shangazi alikuwa anatusikia tukijumlisha chumbani, na jioni moja aliuliza: "Mbuzi wamebaki wangapi?" Mtu anayehesabu mbuzi waliouzwa kwa ajili yake, ukimpa fomu ya kuomba kufa, ataisaini. Na sisi tutasema alichagua.

Kanada ni tajiri na ina matibabu ya umma, lakini hata huko sheria ya 2016 ilipanuliwa mwaka 2021 iwaguse wasio karibu na kifo, na mwaka 2023 waliokufa kwa njia hiyo walizidi 15,000, karibu kifo kimoja katika kila 20. Mjadala mkali umezuka kuhusu watu wenye ulemavu wanaoomba huku wakilalamikia umaskini na ukosefu wa makazi.

Turudi kwenye mofini. Mwaka 2017 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitoa hesabu ambayo kila waziri wa afya Afrika angepaswa kuijua. Kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zilipata tani 0.1. Ni kilo 100. Na si kwamba haiwezekani. Uganda, ambako Dk. Anne Merriman alianzisha hospisi mwaka 1993, walichanganya unga wa mofini na maji kwa gharama ndogo, na mwaka 2004 wakabadilisha kanuni ili wauguzi waliosomea kazi hiyo waweze kuiandika, kwa sababu vijijini daktari hayupo.

Kwa hiyo nikiulizwa kama tuitunge sheria ya kusaidiwa kufa, jibu langu ni hapana. Sheria hiyo inamtaka mgonjwa anayejua ukweli, aliyetulizwa maumivu, na ambaye uhai wake hauuzi shamba la watoto wake. Mgonjwa huyo kwetu bado ni nadra mno.

Wizara ya Afya ihakikishe mofini ya maji inapatikana katika kila hospitali ya wilaya, na wauguzi wapewe mafunzo na ruhusa ya kuitoa. Na wewe msomaji, kama una mgonjwa wa aina hii, siku daktari akikuita kwenye korido, mwambie mrudi wote ndani, mgonjwa asikie mwenyewe kwa kiasi anachotaka kusikia. Kisha uliza mbele yake: mofini ipo?