Harufu ya uvundo kabatini isipuuzwe

JE, umewahi kutoa kabatini suti ambayo hujaivaa tangu harusi ya mwaka jana, ukaikuta na madoa meupe na harufu ya uvundo? Wengi huipangusa kwa mkono, huianika kidogo, kisha huirudisha pale pale. Baada ya wiki chache madoa hurudi.

Ukungu ni kiumbe hai. Hula pamba, ngozi ya viatu, mbao, karatasi na hata vumbi. Vitu hivyo havikosekani kabatini, kwa hivyo unachoweza kuunyima ni unyevu tu. Kitu kilicholowa kisipokauka kwa muda wa saa 24 hadi 48, ukungu huweza kuanza kuota. Ndiyo sababu wakazi wa Mombasa husumbuliwa na hewa ya bahari, nao wa Nairobi huona taabu hii msimu wa mvua ndefu na baridi ya Julai.

Madhara yake hayaishii kwenye nguo. Chembechembe za ukungu huruka hewani na kuvutwa puani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2009 ulieleza kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu na ukungu hukabiliwa zaidi na matatizo ya kupumua, ikiwemo pumu.

Ufanye nini basi?

Kwanza, tafuta maji yanakotoka. Gusa ukuta ulio nyuma ya kabati. Je, unapakana na bafu? Kuna bomba au paa linalovuja? Mwarifu mwenye nyumba. Kupaka rangi juu ya ukuta uliolowa ni kazi bure.

Pili, toa kila kitu nje. Fua nguo kwa sabuni na uzianike juani hadi zikauke kabisa. Sugua kabati kwa maji ya sabuni, kisha uliache wazi likauke. Vaa glavu na ufunike pua na mdomo. Mwenye pumu asiifanye kazi hii. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kamwe na siki wala dawa yenye amonia, kwani hutoa gesi ya sumu.

Tatu, sogeza kabati kidogo kutoka ukutani ili hewa ipite. Usilijaze pomoni, na usiweke nguo yenye unyevunyevu, hata ile iliyotoka kupigwa pasi.

Jihadhari na njia mbili za mkato. Usiwashe jiko la makaa ndani ya chumba ili kukausha nguo au ukuta. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Pia, naftalini hufukuza nondo lakini haiondoi unyevu. Isitoshe, mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana sana sehemu zenye malaria, anaweza kuharibikiwa na damu akivishwa nguo zilizohifadhiwa kwa naftalini.

Mtoto wako akikohoa kila usiku au kifua kikilia anapopumua, mpeleke kwa daktari. Ukirudi nyumbani, fungua kabati lililo karibu na kitanda chake ulikague.