Rauta ya Kwanza Nyumbani: Pima Ukuta Kabla ya Bei

Katika gazeti la mwaka huu nimeamua kueleza jambo ambalo nyumba nyingi za hapa kisiwani zinalipitia siku hizi, nalo ni kuchagua rauta ya kwanza, yaani kile kidude chenye vitaa kinachogawa intaneti nyumbani. Sikulichagua jambo hili kwa kuwa mimi ni bingwa. La hasha! Nalieleza kwa sababu nilikosea, na kosa langu lililipiwa na mama yangu.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, nyuma kidogo ya Ndia Kuu. Ni nyumba ya kizamani ya ghorofa moja. Sisi hulala juu, na nyanya yangu hukaa chini katika chumba cha ndani, maana magoti hayamruhusu kupanda ngazi. Mwanawe, ambaye ni ami yangu, anafanya kazi Maskati. Kila Ijumaa jioni hupiga simu ya video ili wapate kuonana. Miaka yote tulikuwa tukinunua bando za simu, na bando lenyewe likiisha katikati ya salamu. Basi mwaka jana mama akakata shauri tuvute faiba. Mama huuza mahamri na mbaazi asubuhi, na akiba yake huitia katika kibubu. Akakivunja, akanipa pesa na kunambia, "Haya, wewe ndiwe msomi wa mambo haya. Nenda katafute kitu cha maana."

Nikaenda mjini. Katika duka moja nikaiona rauta yenye antena sita, imesimama kama kaa aliyekasirika. Moyoni nikasema, antena sita, si intaneti itafika mpaka Likoni! Nikatoa shilingi 6,500 bila kuuliza swali hata moja.

Siku ya tatu fundi wa faiba akaja kutuunganishia. Mkobani mwake akatoa rauta. Kumbe rauta ilikuwa ndani ya malipo yale yale tuliyokwisha kulipa! Nikarudi dukani mbio. Muuzaji akanionyesha maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Ijumaa ilipofika, balaa la pili likazuka. Juu sebuleni intaneti ilikwenda kama maji, lakini chumbani kwa nyanya picha ya ami iliganda. Nyanya akaniita, "Mwanangu, hebu ndoo. Ami yako yuwafungua kinywa, haneni. Ni mgonjwa?" Sikuwa na jibu. Mama hakunigombeza. Alinitazama tu, na kutazamwa vile kulinichoma zaidi ya fimbo.

Tangu siku hiyo nikaanza kusoma, kuuliza mafundi na kupimapima. Haya ndiyo niliyoyapata.

Rauta hufanya kazi kama tarishi. Intaneti huingia nyumbani kwa njia moja tu, lakini ndani mna simu tano, kompyuta moja na labda televisheni. Rauta hukipa kila chombo anwani yake. Picha au sauti husafiri ikiwa imekatwa vipande vidogo vidogo, na rauta hutazama kila kipande ni cha nani, kisha humpelekea mwenyewe, ama kwa waya ama kwa mawimbi ya redio tunayoyaita waifai. Kwa hivyo kuna safari mbili. Ya kwanza ni kutoka ulimwenguni hadi kwenye rauta. Ya pili ni kutoka kwenye rauta hadi mkononi mwako. Wengi wetu huilipia ya kwanza na kuisahau ya pili.

Katika safari ya kwanza sisi wa Mombasa tumebahatika. Zamani intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 juu ya dunia, na ilikuwa ghali na ya polepole. Mwezi wa Juni 2009 mkongo wa baharini uitwao TEAMS, uliotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifika nchi kavu hapa hapa Mombasa, na Rais Mwai Kibaki akaja kuupokea pale Fort Jesus. Mwaka huo huo ukaja SEACOM, na mwaka wa 2010 ukafuata EASSy. Ndani ya mikongo hiyo mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na habari hupita humo kwa mimweko ya mwanga. Hebu fikirini basi: sura ya ami ilivuka bahari nzima ikafika mpaka sebuleni kwetu, kisha ikashindwa na ukuta!

Sasa tuje kwenye kuchagua.

Kwanza, uliza kinachofika mlangoni kwako. Usinunue rauta kabla ya kujua intaneti yenyewe itakuja kwa njia gani. Ikiwa ni faiba, kampuni nyingi huja na rauta yao. Kwa hivyo uliza: Je, rauta imo katika malipo? Ni yangu au nimeazimwa? Nikihama nairudisha? Ikiwa faiba haijafika mtaani kwenu, iko rauta ya kutia laini ya simu, ya 4G au 5G. Hii haitaki waya wa nje, na mpangaji akihama Bondeni kwenda Tudor huibeba mkobani. Lakini kabla ya kuinunua, tia laini ya kampuni hiyo katika simu yako, ujaribu ndani ya chumba chenyewe, mchana na pia usiku ambapo watumiaji ni wengi. Tazama pia kama rauta imefungwa kwa kampuni moja. Rauta ya namna hiyo huenda ikawa rahisi, lakini siku ukitaka kubadilisha laini itabaki pambo. Njia ya tatu ni setilaiti, kama Starlink iliyoanza huduma Kenya mwaka wa 2023. Sahani yake hutaka kuona mbingu wazi, kwa hivyo katika vichochoro vyetu haina budi kupanda juu ya paa.

Pili, pima ukuta. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake nyingi zina unene wa karibu nusu mita. Kuta hizo ni nzuri kwa kuzuia joto, lakini huzuia na waifai pia. Rauta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Mfano wake ni arusi ya jirani. Ukiwa chumbani na mlango umefungwa, mdundo wa ngoma nzito waupata, lakini maneno ya waimbaji huyapati. Sauti nzito hupenya, nyembamba hubaki nje. Vivyo hivyo, mawimbi ya 2.4 hupenya ukuta vyema zaidi japo kasi yake ni ndogo, na ya 5 yana kasi lakini huchoka upesi. Kuta mbili za matumbawe zaweza kuyashinda yote mawili. Hata wanaokaa kwenye fleti za Ganjoni au Kizingo wasijisahau, kwani sakafu ya zege yenye vyuma, tangi la maji, kioo kikubwa na kabati la chuma nazo huzuia.

Dawa yake si antena nyingi. Dawa ni mahali. Iweke rauta katikati ya nyumba, juu ya rafu iliyo wazi, karibu na mlango au penye ngazi. Usiifiche nyuma ya televisheni kama tulivyofanya sisi. Kabla fundi hajapiga msumari wa kwanza, mwonyeshe chumba kinachohitaji intaneti zaidi. Sisi fundi alituuliza, "Niweke wapi?" nasi tukamjibu, "Popote tu." Neno hilo moja ndilo lililomkosesha nyanya.

Tatu, usidanganywe na namba za boksi. Boksi la rauta yangu liliandikwa 1200 kwa wino wa dhahabu. Kumbe namba hiyo ni jumla ya kasi za mawimbi yote mawili, 300 na 867, kisha ikakuzwa kidogo, na ni kasi ya maabara wala si ya nyumbani. Sisi twalipia megabiti 10 kwa sekunde. Ni kama kufunga mfereji mkubwa ilhali maji ya mtaani yaja matone. Simu ya video megabiti 2 au 3 huitosha, na filamu safi hutaka kama 5. Hesabu wangapi nyumbani watatumia kwa wakati mmoja, ujue unachohitaji. Kwa familia ya kawaida rauta ya Waifai 5 au Waifai 6 yatosha kabisa. Hakikisha tu kwamba ina mawimbi yote mawili. Nyingine za bei ya chini zina 2.4 peke yake, na kwetu nyumba zimebanana, kila jirani ana rauta yake inayopiga kelele katika mawimbi hayo hayo. Ikiwa ndivyo, chagua chaneli ya 1, 6 au 11, ile iliyo na majirani wachache.

Nne, kumbuka stima na hewa ya bahari. Stima ikipotea rauta huzimika hata kama faiba iko nzima. Kuna betri ndogo za akiba za kuziwasha, lakini soma kwanza volti zilizoandikwa chini ya rauta, kwani nyingine ni 9 na nyingine ni 12. Usiiweke dirishani kwenye upepo wa pwani, maana chumvi hula vyuma. Wala usiifunike. Nyanya yangu aliiona yetu iko uchi, akaivisha kitambaa cha kufuma kama anavyoivisha redio yake. Ilipendeza kweli, lakini ikawa moto kama kaango!

Tano, funga mlango wako. Rauta mpya huja na neno la siri la kiwandani. Libadilishe siku hiyo hiyo, na lile la kuingilia ndani ya mipangilio ya rauta pia. Usitumie namba ya simu wala jina la mtoto. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ukinunua iliyotumika, ifute kwanza irudi kama ilivyotoka kiwandani, na uulize kama mtengenezaji bado anatoa marekebisho ya programu yake, kwani isiyorekebishwa ni nyumba yenye komeo bovu.

Je, nyanya alipata kumwona mwanawe? Naam. Nilinunua waya wa mtandao wa mita 15, nikaupitisha kando ya ngazi kutoka rauta ya juu hadi mlangoni kwa nyanya. Kisha ile rauta yangu ya antena sita, iliyokuwa imelala ndani ya boksi, fundi mmoja wa mtaani akanisaidia kuipanga iwe ya kugawa waifai tu huko chini. Ijumaa iliyofuata ami alizungumza na mamake nusu saa nzima bila kuganda. Mama alipita na sinia ya mahamri, akasimama mlangoni akasikiliza, akacheka. Nami nikapumua. Lakini sitawadanganya: rauta ya bei ndogo zaidi ingeifanya kazi ile ile, na zile pesa zingine zingerudi kibubuni.

Wenzangu, wengi wetu ndio tunaotumwa na wazazi kununua vitu hivi kwa kuwa tunaonekana tunavijua. Basi tusione haya kuuliza. Uliza kampuni, tembea vyumbani na simu yako, gonga ukuta uone unene wake, kisha ndipo uende dukani. Majuto ni mjukuu, na wangu nilimlea mwezi mzima. Kalamu naiweka chini.